Naomba ushauri: kupunguza mpangilio wa bendi kubwa (yenye wapulizaji zaidi ya kumi)

Ndugu zangu, habari za kazi. Bendi yetu ya harusi ina tarumbeta mbili, saksofoni moja, tromboni moja, gitaa, besi na dramu, nasi tunataka kupiga "Fly Me to the Moon". Bart Howard aliutunga wimbo huo mwaka 1954 kwa mapigo matatu katika kila kipimo, lakini sisi tumeupenda ule wa mwaka 1964 wa mwimbaji Frank Sinatra na bendi kubwa ya jazi ya Count Basie, ambao Quincy Jones aliupanga (yaani alivigawia vyombo sehemu zao) kwa mapigo manne ya swingi, mdundo wa jazi wa kuyumba, besi ikitembea noti moja kwa kila pigo huku wapulizaji wakimwitikia mwimbaji kila anaponyamaza.

Shida yangu ni kwamba sehemu zilizoandikiwa wapulizaji zaidi ya kumi nawapa wanne tu, na muziki unasikika mtupu. Je, niiachie besi noti ya msingi ya kila kodi (noti zinazopigwa pamoja), kisha wapulizaji washike noti ya tatu na ya saba kuhesabu kutoka hiyo ya msingi? Na pale mwishoni, sauti inapopanda, wapige wote noti moja au niwagawie noti tofauti?