Nimemtetea Harry wa The Traitors, sasa kikoba wanataka nirudishe ufunguo. Nifanyeje?

MamaDagaa_Gungu

Wakuu habari zenu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Gungu hapa Kigoma, shughuli yangu dagaa. Nachukua Kibirizi, naanika, natuma Dar. Naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnirushie mawe.

Kwenye kikoba chetu mimi ni mmoja wa washika funguo. Sanduku lina kufuli tatu, kila kufuli na mama yake, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Ufunguo wangu huwa naufunga kwenye pindo la khanga, hata mume wangu hajawahi kuushika. Mwezi ujao tunavunja kikoba, tugawane.

Sasa wiki ya mbalamwezi mnajua ilivyo huku, wavuvi hawaingii ziwani, dagaa hakuna, tunabaki kutazamana. Mpwa wangu akaniletea kwenye flashi The Traitors, ule mchezo wa runinga wa BBC, msimu wa pili, ule ulioisha Januari 2024. Nikaita wenzangu wanne wa kikoba, akiwemo wifi yangu ambaye ndiye mwenyekiti wetu. Mimi ndiye nikawa mtafsiri, nasimamisha, naeleza, naachia, kila mtu na kibakuli chake cha karanga.

Kwa asiyeijua: watu 22 wanawekwa kwenye kasri huko Scotland. Wanafungwa vitambaa machoni, mtangazaji Claudia Winkleman anazunguka nyuma yao na kuwagusa wachache begani. Walioguswa ndio wasaliti. Waliobaki wanaitwa waaminifu na hawajui nani ni nani. Usiku wasaliti "wanamuua" mtu, yaani anafungasha. Mchana wote wanakaa mezani na kumpigia kura wanayemshuku. Mwisho wa yote, akibaki msaliti hata mmoja, hela ya ushindi ni yake, waaminifu wanatoka kapa.

Harry Clark, kijana mwanajeshi, aliguswa bega siku hiyo ya kwanza. Akaenda nao mdogomdogo. Hata Paul, msaliti mwenzake, alimpigia kura akatoka. Mwisho wakabaki watatu: Harry, Mollie na Jaz. Jaz alishamshtukia Harry. Mollie alikuwa rafiki wa Harry wa kufa na kuzikana. Binti akaandika jina la Harry kwenye kibao chake, akalifuta, akaandika Jaz. Pale niliirudisha mara mbili, hatukuamini. Jaz akatoka, Harry akajitaja kuwa ni msaliti, akabeba pauni 95,150. Mollie kilio.

Wifi akasonya mpaka karanga zikamwagika. "Huyu hana utu. Rafiki yako anafuta jina lako, wewe unamwibia?"

Mimi nikasema hakuiba. Wote 22 waliingia wakijua humo ndani kuna wasaliti, na Harry hakujipa kazi hiyo, alipewa. Angekiri dakika ya mwisho, si angekuwa amewafanya mazuzu wote aliokwisha kuwatoa? Nikaongeza kwamba Mollie tunamlilia, mbona Jaz hatumlilii? Jaz ndiye aliyesema ukweli, na aliyemtoa ni huyo huyo Mollie. Wenzangu wawili wakaanza kucheka, wifi kanuna. Basi nikanogewa, nikasema, "Hata mimi ningefanya vilevile."

Kesho yake saa tatu asubuhi ujumbe kwenye kundi la kikoba: "Kwa usalama wa wanachama, tunaomba mshika ufunguo wa pili akabidhi ufunguo mpaka tutakapokaa kikao." Sina deni hata la shilingi mia. Nikabidhi? Nigome? Na je, kumtetea Harry ni kosa?

MwishoWaReli

Dada umenifurahisha. Yaani mtu kabeba hela Scotland, kesi imesomwa Gungu 😂

Harry hana kosa. Usimkabidhi mtu ufunguo.

Fundi_Injini

Mimi nitakuwa kinyume na wewe, mama, na povu ruksa. Hoja yako ya kwamba "walijua" naikubali nusu. Mchezo ulimruhusu Harry adanganye kuhusu yeye ni nani. Haukumlazimisha awe anamkumbatia Mollie kama ndugu. Angeweza kucheza kimya, akashinda kwa akili mezani. Yeye aliona mapenzi ya yule binti ndiyo ngazi, akapanda. Mwenzako kwenye karata akikuficha turufu, ni karata. Akikutazama usoni akakwambia "mimi na wewe ndugu" ili umwachie turufu yako, hapo bado ni karata?

MamaDagaa_Gungu

Fundi, ndiyo, bado ni karata, maana Mollie naye alikuwa anamshikilia Harry ili afike mwisho. Angalia watu wangapi wa kweli Mollie na wenzake waliwatoa kwa kura, wakiwatazama usoni hivyohivyo. Hakuna aliyewaita wanyama. Ila lile la kumkumbatia... hapo umenigusa kidogo, sikatai.

Season_Mpaka_Asubuhi

Ngoja niingie, hii ndiyo kazi yangu. Tatizo mnamhukumu Harry kwa sheria za mchezo mwingine.

Kwenye Survivor, mchezo wa runinga wa Marekani ambao watu wanatoana kwa kura, waliotolewa ndio wanaochagua mshindi. Kwa hiyo usaliti una bei. Msimu wa kwanza kabisa, mwaka 2000, Richard Hatch aliunda genge la kupiga kura pamoja na kula vichwa kimoja kimoja. Mwisho wale wale aliowatoa wakakaa mbele yake. Mmoja wao, Sue Hawk, akamwita Hatch nyoka, na Kelly, aliyebaki na Hatch fainali, Sue akamwita panya, halafu kura yake akampa nyoka! Hatch akashinda 4 kwa 3, dola milioni moja. Sasa njoo 2009, Russell Hantz. Alidanganya kila mtu, akawacheka, akafika fainali. Kura zikahesabiwa, kapata 2, Natalie White 7. Yule hakushindwa kwa kusaliti, alishindwa kwa kuwadharau wapiga kura wake.

Na kwa wanaosema wema unalipa: 2008 kijana Erik Reichenbach alikuwa na mkufu wa kinga shingoni, hagusiki. Wanawake wanne wakamlainisha autoe ampe mwenzao Natalie Bolton, aoneshe moyo safi. Akautoa. Usiku huohuo wakampigia kura, akaondoka.

The Traitors haina hiyo. Hakuna baraza la waliosalitiwa. Harry hakuwa na sababu yoyote ya kimchezo ya kumhurumia Mollie. Mnataka awe na huruma, sawa, lakini msiseme kacheza vibaya.

Sasa dada, wewe binafsi hauko kwenye The Traitors. Kikoba ni Survivor. Hao akina mama ndio baraza lako, na wewe umewaambia ungefanya vilevile wakiwa wanakutazama. Harry mwenyewe asingethubutu kusema hivyo mezani.

BintiUjiji

Season umemaliza kila kitu hapo juu. Ila mimi nina swali kwa mleta mada. Mtu mzima hanyang'anyi ufunguo kwa sababu ya runinga. Kuna kitu hujatuambia. Wewe na wifi yako mna nini?

MamaDagaa_Gungu

BintiUjiji una jicho baya wewe.

Haya. Mimi na wifi hatuna ugomvi. Ila miaka ya nyuma yeye alikuwa kikoba kingine, sisemi cha wapi. Mweka hazina wao alikuwa shoga yake, wamesuka nywele pamoja, wamezikiana wazazi. Siku mbili kabla ya kugawana, shoga akavuka ziwa na hela za watu. Upande wa pili huko Kongo utamtafutia wapi? Wifi ndiye aliyekuwa amemdhamini. Alilipa mwaka mzima, aliuza hadi cherehani yake.

Nimeandika haya ndiyo nakumbuka, Harry alipojitaja kuwa msaliti, wifi hakuwa anaangalia runinga. Alikuwa anaangalia chini.

Fundi_Injini

Duh.

Mzee_wa_Katubuka

Mwanangu, hapo umejijibu. Wewe ulikuwa unamtetea kijana wa Kizungu, mwenzako alikuwa anasikia unamtetea yule wa boti.

Ushauri wangu mfupi. Ufunguo usiukabidhi kwenye kundi la simu, na usigome. Uende nao kwenye kikao, uuweke juu ya meza wewe mwenyewe kabla hujaombwa, daftari lifunguliwe, hela zihesabiwe mbele ya wote. Zikitimia, wao ndio waamue nani aushike. Lakini kabla ya kikao nenda kwa wifi yako, peke yako. Usimweleze habari za sheria za mchezo. Na usiende mikono mitupu.

MwishoWaReli

Mzee kaongea. Nafuta ile ya kwangu ya juu.

MamaDagaa_Gungu

Nimerudi wakuu, nilikuwa kimya siku nne.

Nilikwenda na migebuka mitatu mikavu na chupa ya mawese. Alinipokea barazani, hakunikaribisha ndani. Nikamwambia, "Wifi, lile neno la mwisho nililisema kwa kunogewa, nisamehe." La Harry sikuligusa, maana hapo msimamo wangu uko palepale na sikutaka kudanganya. Akanyamaza muda mrefu, anapekua samaki. Akasema huyu wa katikati hajakauka vizuri.

Kikao kilikuwa jana. Ufunguo niliuweka mezani, tukahesabu mara mbili, hela zimetimia. Wakasema niendelee nao mpaka tugawane. Wifi hakunyoosha mkono kuunga wala kupinga, aliandika tu kwenye daftari.

Usiku saa nne simu ikaita mlio wa ujumbe. Ni yeye. "Mpwa wako ameshaleta ule msimu wa tatu?"