Ajira ya kudumu au duka la baba: tupime kwa vigezo gani?

Mhasibu wa Dar
Ndugu wanajukwaa, naombeni tupime jambo hili pamoja. Mimi ni mhasibu katika kampuni moja jijini Dar es Salaam, na michango yangu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaingia kila mwezi. Baba ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi, ambalo ndilo lililotusomesha. Sasa umri umekwenda, na ameniomba nirudi nilisimamie pamoja na kaka yangu, ambaye yuko dukani tangu alipomaliza kidato cha nne. Naona njia tatu: kuacha kazi na kwenda moja kwa moja, kubaki kazini nikimfanyia baba hesabu kutoka huku, au kuomba likizo isiyo na malipo nilijue duka kwa ndani kabla ya kuamua. Nampenda baba na naipenda kazi yangu, kwa hiyo upendo peke yake hauwezi kunikatia shauri.

Mama Saruji
Mwanangu, kabla hujalinganisha mshahara na faida, uliza kama faida hiyo inajulikana. Katika maduka mengi ya familia, ada za shule, michango ya misiba na dawa za bibi hutoka kwenye droo ileile inayotakiwa kulipia mzigo, na mwaka ukiisha hakuna awezaye kusema duka limeingiza nini. Omba daftari la madeni: mafundi wanadaiwa kiasi gani, na baba amechukua mali kauli ya kiasi gani kwa wauzaji wa jumla. Tena usilipime duka la Moshi kwa miezi ya kuelekea Desemba, watu wanaporudi nyumbani na kila mmoja anataka bati na rangi. Lipime mwezi wa Aprili, masika yanaposimamisha ujenzi, uone kama linaweza kukulipa mshahara wa kueleweka bila kugusa mtaji.

Mstaafu wa Tanga
Mimi ningebaki kazini. Pensheni ya uzee inadai michango isiyopungua miezi 180, na anayekatiza katikati huja kujuta akiwa hana nguvu. Hesabu za duka zinaweza kufanywa jioni kwa simu na kompyuta. Ukiamua kuondoka, basi endelea kuchangia, kwa sababu NSSF inapokea pia waliojiajiri. Na kuhusu hiyo njia ya tatu, fahamu kwamba likizo isiyo na malipo hutegemea makubaliano na mwajiri. Usimwahidi baba kabla hujaipata kwa maandishi.

Mama Saruji
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Aliye mbali huona namba alizoandikiwa tu, na mifuko ya saruji iliyotoka bila risiti haimo katika namba hizo.

Wakili wa Arusha
Mdogo wangu, kwangu mimi swali la kwanza ni utaingia ukiwa nani. Kama duka limesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kwa jina la biashara tu, sheria haimtenganishi baba na duka: mali ni yake na madeni ni yake, na siku Mungu atakapomchukua, kila kilichomo kitaingia kwenye mirathi pamoja na nyumba na shamba, mbele ya warithi wote, hata ambaye hajawahi kulifungua duka asubuhi. Utumishi wako wa miaka mingi hautakuwa umekupa hisa yoyote, kwa sababu hakuna hisa za kugawa. Kampuni iliyoundwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ni nafsi inayojitegemea kisheria, na hisa zake zinaweza kugawanywa baba akiwa hai na akieleza mwenyewe anachotaka.

Mwana wa Nakuru
Wakili amesema kweli, ila hisa pekee hazitoshi. Huku kwetu Kenya, mwanzilishi wa Tuskys alifariki mwaka 2002 na kuwaachia watoto wake biashara iliyokuja kuwa miongoni mwa minyororo mikubwa ya supamaketi nchini. Ndugu wenye hisa wakafikishana mahakamani, madeni ya wasambazaji yakalimbikizana, janga la Korona likaongeza mzigo, na matawi yakafungwa moja baada ya jingine. Dada, katika maelezo yako yote hujatueleza kaka yako anasemaje.

Mhasibu wa Dar
Nimempigia kaka. Hakuwa na habari kwamba baba ameniita, na imemuuma. Kwa hiyo mwajiri wangu sitamwandikia chochote mpaka tukae watatu Moshi, daftari la madeni likiwa mezani. Wakili, je, inawezekana kaka akapata hisa nyingi kuliko mimi kwa ajili ya miaka aliyokwisha kuitumikia, nami nikalipwa mshahara kama mwajiriwa mwingine yeyote?

Wakili wa Arusha
Inawezekana. Hisa si lazima zilingane, na mwenye hisa anaweza kuwa na mkataba wa ajira katika kampuni hiyohiyo. Andikeni pia katika katiba ya kampuni kwamba anayetaka kutoka atawauzia kwanza waliobaki, na mkubaliane mapema jinsi thamani itakavyokadiriwa. Baba naye aamue kama kiwanja cha duka kitakuwa mali ya kampuni au kampuni itakipanga kutoka kwake, kwa sababu huenda kodi hiyo ya pango ndiyo itakayokuwa riziki yake ya uzeeni.