Tupeane uzoefu: konsoli yako (mashine ya gemu) ya kitambo ilikua gani na mbona bado unaitetea?

Kaseti ya Buru
Wasee wa gemu, juzi nilikua Luthuli hapa Nairobi natafuta zile waya za nyekundu, nyeupe na njano, kijana wa duka akaniuliza ni za nini, nikamwambia za TV gemu ya kaseti. Hajawahi kuiona. Nimerudi hadi nyumbani nikifikiria hiyo maneno na nimeona tuweke hadithi zetu hapa kabla hazijapotea. Sema ulikua na gani, ilifikaje kwenu, na ukirudishiwa moja tu leo ungechukua gani.

Naanza mimi. Yetu mzae alinunua Eastleigh nikiwa darasa la nne, hapa Buruburu phase 3. Wakati huo hatukujua ni kopi ya Famicom, ile mashine ya gemu kampuni ya Nintendo walitoa Japani 1983, sisi tuliita tu TV gemu. Kaseti ilikua ya njano imeandikwa 9999999 in 1 na ukishuka kwa menyu unakuta ni gemu kama sita hivi zimerudiwa rudiwa kwa majina tofauti, lakini hizo sita zilitutosha likizo nzima. Unazungusha TV kutafuta stesheni, chenga chenga chenga, halafu ghafla muziki unaingia na watoto wa ploti wote wanapiga kelele dirishani.

Ninachoitetea nacho ni hiki: haikua inaseivu kitu. Ukizima imeisha, kesho kila mtu anaanza na sifuri. Ndugu yangu mdogo wa miaka 6 alikua na nafasi sawa na mimi kila asubuhi, na kwa Contra, ile gemu ya askari wawili, mlikua lazima muende pamoja, pale kwa maporomoko ya maji ukipanda haraka skrini inamwacha mwenzako chini anakufa. Ile code ya siri ya kubonyeza juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A niliifundishwa na msichana wa nyumba ya pili, maisha 30, na hadi leo nikifunga macho kidole gumba kinaikumbuka. Hakuna PlayStation imewahi kunipa hiyo kitu.

Memori Kadi
Buda hapo sikubali kabisa. Kuseivu ndio ilikua raha yenyewe!! PS1, PlayStation ya kwanza (1994 Japani, huku Umoja tuliiona kama miaka minne mitano baadaye) nyumbani hatukua nayo, hata TV yetu ilikua ile Great Wall ya black and white ya betri ya gari. Lakini nilikua na memori kadi, ile ya kuseivu gemu. Nilinunua memori kadi kabla sijawahi kumiliki hata pedi ya kuchezea. Niliweka pesa ya chapo wiki tatu, naenda nayo kwa kibanda cha PS, namlipa mwenyewe mbao (shilingi ishirini), nachomeka, na timu yangu iko pale vile niliiacha. Ilikua na nafasi 15 peke yake, kwa hivyo kila mara unaamua nini kinafutwa nini kinabaki, na msee mkubwa wa mtaa alinifutia msimu mzima wa ligi ndio aweke yake. Nililia njia yote hadi nyumbani. Nilikua na miaka 12 na hicho kidude cha plastiki ndio kitu pekee kilikua changu, si cha mamangu si cha ndugu zangu, changu. Kwa hivyo ukisema kuanza sifuri kila siku ni raha, mimi nakuambia hivyo ndivyo maisha yangu mengine yote yalikua, kwa kibanda nilitaka kukuta kitu kimeningojea.

Nikipewa moja ni PS1, ile ya kijivu, na Tekken 3, ile gemu ya kupigana, ndani.

Kaseti ya Buru
@Memori Kadi hiyo nimeisoma mara mbili. Sikua nimewahi kuiangalia hivyo. Bado ni Famicom kwangu lakini nimekuelewa.

Dada wa South B
Nyinyi mnaongea za TV, na mwaka 2000 wakati wa mgao wa umeme mlikua mnachezea nini? Ukame ulikausha mabwawa, stima inaenda jioni, na ndani ya hiyo giza kitu kimoja tu kilikua kinafanya kazi nacho ni brick game, ile gemu ndogo ya mkononi ya kupanga matofali. Betri mbili ndogo. Zikiisha nguvu tunazianika juu ya mabati mchana, jioni zinakupa dakika ishirini za ziada, ukizidisha sana zinavuja unaharibu springi za ndani. Haikua na taa kwa hivyo unakaa karibu na mshumaa umeinamisha ile skrini mpaka upate pembe ambayo matofali yanaonekana.

Hiyo gemu ya matofali ni Tetris, iliandikwa na Mrusi anaitwa Alexey Pajitnov huko Moscow 1984, na Nintendo waliiweka kwa Game Boy, mashine yao ya mkononi, 1989 ndio ikaenda dunia yote. Game Boy yenyewe niliishika mara moja tu kwa mikono ya mtoto wa jirani, ilikua inakula betri nne, na hata hiyo haikua na taa. Kwa hivyo gizani mimi na yeye tulikua sawa, tena yangu ilikua ya bei ya sokoni.

Tulikua wasichana watatu na mama. Mama ndiye alikua bingwa. Anapika ugali, anaweka sufuria chini, anashika brick game, anafuta rekodi zetu zote halafu anarudi kwa mboga bila kusema neno. Ameaga 2017. Ile brick game iko kwangu kwa droo, kitufe cha kuzungusha kimelala upande wa kidole chake. Mnaweza leta konsoli yoyote mnayotaka, sibadilishi.

Kayole Soko
Pole dada. Na ni kweli hizo zilikua na nguvu.

Mimi niongee upande wa biashara juu watu wanasahau PS2 ililisha familia. Nilifungua na mashine mbili na TV mbili za inchi 21 nyuma ya duka la shosh, 2007. Wacha niwaambie mbona PS2 ilishinda: moja, ilikua inacheza DVD, kwa hivyo mzazi alikubali kununua akijua ni ya sinema pia, na mimi kukikosa wateja asubuhi naweka muvi. Mbili, CD za PS1 zilikua zinaingia pia, kwa hivyo hukutupa kitu. Ndio maana iliuza zaidi ya milioni 150 na ikatengenezwa kutoka 2000 hadi karibu 2013, hiyo ni miaka mingi kwa mashine moja. Kwangu mechi ya PES, ile gemu ya mpira, ilikua ashu (shilingi kumi) na sheria ni moja, anayechapwa ndio analipa, anayeshinda anakaa. PES 6 kila mtu alikua anataka Inter juu ya Adriano, anapiga kutoka katikati ya uwanja kipa anabaki amesimama, ikabidi niandike ukutani INTER MARUFUKU MECHI YA PESA. Walilalamika siku mbili wakazoea.

Kilichokua kinanimaliza ni pedi. Zile mpira za juu ya analogi, vile vifimbo vya kusukuma mchezaji, zinatoka, mtu anavuta mchezaji na nguvu kama anang'oa magugu. Ndugu yangu alisoma chuo na hizo ashu ashu. Nikisikia mtu anaita PS2 takataka nakasirika kweli.

Anti Alileta
Yangu ni fupi na ni ya kuonya. Anti alikuja Krismasi kutoka Marekani na Super Nintendo, ndani ya boksi, haijafunguliwa. Ndugu yangu akatafuta kibadilishi cha plagi tu akachomeka ukutani. Huko kwao stima ni volti 120, kwetu ni 240. Tulisikia tak, halafu harufu. Hatukucheza hata dakika moja. Binamu zangu wa Uingereza walipotuma Mega Drive yao, mashine ya Sega, baadaye iliingia bila shida, plagi ni ileile ya miguu mitatu na volti karibu sawa. Kwa hivyo mimi ni wa Sega na gemu yao ya Sonic, na sababu ni soketi.

Fundi wa Kirinyaga Road
@Anti Alileta mara nyingi kinachokufa hapo ni adapta peke yake, mashine yenyewe inabaki salama. Kama mlitupa yote mlitupa kitu kizima. Pole.

Nimefungua hizi vitu miaka 19 kwa hivyo mnisikilize kidogo. Kaseti MSIPULIZE. Najua sote tulipuliza na ikashika, lakini kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha, mate yanaleta kutu kwa yale meno ya shaba. Pamba na spiriti ya kusafisha, basi. PS1 za kwanza, zile mlikua mnazigeuza juu chini ndio zisome CD, hiyo haikua uchawi: reli ya leza ilikua ya plastiki, inakulika na joto, jicho linainama, ukigeuza linarudi mahali pake kidogo. Na zile kopi za Famicom za Eastleigh, ndani utakuta donge jeusi la gundi limefunika chip yote. Likifa hakuna fundi, hata mimi. Famicom halisi nafungua nabadilisha kapasita inaamka, na ina miaka 40.

Mimi binafsi naheshimu N64 (Nintendo 64) juu pedi yake ilitoka na ile fimbo ya katikati, na mashine ina matundu manne ya pedi, kumaanisha familia nzima. Ilikosa soko hapa juu kaseti zilikua ghali na CD ya PS1 mtu alikua anachoma kopi kwa bei ya soda. Nimerekebisha tatu tu maisha yangu yote.

Kaseti ya Buru
Fundi hapo kwa donge la gundi umeniumiza, juu yangu ndio hiyo na ilianza kuzima yenyewe mwaka jana. Swali: ile bunduki ya kupiga bata, nimejaribu kwa TV yangu ya flat haishiki hata bata mmoja, nayo pia imekufa?

Fundi wa Kirinyaga Road
Hapana, hiyo bunduki inaweza kua nzima kabisa. Ukivuta traiga skrini inakua nyeusi kidogo halafu kisanduku cheupe mahali bata yuko, bunduki inaangalia kama imeona huo mwanga kwa wakati ule ule. TV za flat zinachelewesha picha kwa hivyo bunduki haioni kitu. Tafuta TV ya mgongo.

Dada wa South B
Kuna Sony ya mgongo kwa stoo yetu, inchi 14, ya rangi, inawaka. Nilikua nampea mtu wa vyuma wiki hii. Nimngojeshe?

Kaseti ya Buru
Mngojeshe dada. Jumamosi nakuja na bunduki na kaseti ya njano. Na kama haitakusumbua, hiyo brick game ya mama naomba tu niione.