Chuo cha Iyunga kinakua. Fundi sanifu ana nafasi gani?

Mwana wa Iyunga
Wakuu, habari za jioni. Mimi nilisoma pale Iyunga, Mbeya, bado ni chuo cha ufundi, Mbeya Tech, kabla hakijawa taasisi ya MIST mwaka 2005 na baadaye chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST, mwaka 2012. Kila mwaka nafuatilia taarifa zao za maendeleo: programu mpya za shahada, majengo ya HEET, ule mradi wa kuboresha elimu ya juu, kampasi ya Rukwa. Nafurahi, sibezi. Ila kile chuo kilizaliwa kwa ajili ya mafundi sanifu, watu wa stashahada wanaosimama kati ya mhandisi na fundi mchundo, yaani fundi wa kazi za mikono. Tumeambiwa miaka yote kwamba mhandisi mmoja anahitaji mafundi sanifu 5 na mafundi mchundo 25. Katika mipango ya miaka ijayo, hao 5 wako wapi?

Tetere
Mleta mada, chuo kikikua tatizo, kikidumaa tatizo. HEET ni dola milioni 425 za Benki ya Dunia kwa nchi nzima, sasa ulitaka MUST wakatae wabaki na mabanda? Chuo kikuu kazi yake ni shahada na utafiti. Na tuambizane ukweli, fundi sanifu ni mtu aliyetaka uhandisi, hesabu zikamkataa.

Mzee wa Uyole
Mimi namuunga mkono mleta mada. Wajerumani walipokijenga kile chuo walikiwekea karakana kabla ya madarasa, na sasa nasikia stashahada wamezifuta kabisa.

Fundi Mwanjelwa
Tetere, nimeacha chai ipoe ili nikujibu wewe. FTC yangu, kile cheti cha fundi sanifu cha zamani, niliisomea miaka mitatu. Kidato cha tano nilichaguliwa, nikakataa kwa mapenzi yangu, na hesabu nilikuwa nazo. Hazijawahi kunikataa.

Msimu huu nimeitwa Igurusi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wamefunga mota mpya ya fezi tatu, wakiwasha, vile vikombe vya kupandisha mpunga vinashuka badala ya kupanda. Siku mbili magunia ya watu yamelala nje, kuna mama amekaa juu ya ya kwake tangu alfajiri. Kijana wa shahada yupo, kompyuta mapajani, anasema mota ni mbovu irudishwe dukani. Nilizima swichi kuu, nikapima kuhakikisha umeme haupo, nikafungua kifuniko, nikabadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu, nikafunga. Kuwasha, mpunga ukapanda. Dakika kumi.

Sasa niambie hesabu zilimkataa nani.

Tetere
Kisa kimoja cha Igurusi hakijibu hoja. Nchi inajenga reli ya kisasa na mabwawa, wewe unatuletea mashine ya mpunga.

Zamu ya Usiku
Kaka Tetere, umetaja mabwawa, basi tukae hapo hapo. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, megawati 2,115. Anayesanifu ni mhandisi, sikatai. Lakini saa nane usiku mtambo ukianza kutetemeka, anayeshika kitabu cha zamu, anayesikia sauti ya beringi imebadilika kabla taa nyekundu haijawaka, huyo ni nani? Nimefanya kazi za zamu miaka mingi, si kwenye bwawa hilo. Wahandisi wazuri niliowaona wote walikuwa wanamuuliza fundi kwanza. Neno lako limeniuma hata mimi niliyekuwa nasoma tu kimya kimya.

Mwana wa Iyunga
Mzee wangu wa Uyole, shikamoo. Naomba nirekebishe mawili. Wajerumani ni Arusha, mwaka 1978. Chuo chetu walishirikiana nasi Warusi, mwaka 1986, wakati huo Umoja wa Kisovieti. Na stashahada hazijafutwa, MUST wanazitoa mpaka leo. Ninacholalamikia ni kwamba ukisikiliza wanavyozungumza, stashahada inatajwa kama ngazi ya kupitia kwenda shahada, haitajwi kama kazi ya mtu.

Mzee wa Uyole
Marahaba. Warusi, naam, umenikumbusha, tulikuwa tunawaona sokoni. Lakini hapo mwisho umesema kile kile nilichosema mimi.

Binti Ilomba
Shikamoo Fundi Mwanjelwa. Nimesoma kisa chako cha Igurusi mara mbili, nimeumia, kwa sababu yule kijana ningeweza kuwa mimi. Nina shahada ya uhandisi mitambo. Chuo sikitaji. Darasa letu zima tulikuwa tunazunguka mashine moja ya kukereza vyuma, walio nyuma wanaona migongo ya walio mbele. Zamu yangu ilipofika nilikereza kipande cha chuma chenye urefu wa kidole. Kilikuwa kimeanza kung'aa upande mmoja, mwalimu akasema inatosha, mwingine amalizie. Ndiyo karakana yangu ya miaka minne.

Mnatucheka mitaani kwamba tunajua kompyuta tu. Nani alitufungulia mlango wa karakana tukakataa kuingia?

Kabwe Standi
Dada, na nyie wasichana wengi mnaogopa grisi, tuseme yote.

Binti Ilomba
Nilitoka nyumbani Ilomba saa kumi na moja asubuhi nikiwa na ovaroli kwenye mfuko ili niwe wa kwanza kwenye ile mashine. Usinizungumzie grisi, tafadhali.

Zamu ya Usiku
Kabwe, omba radhi. Fundi bora wa umeme niliyewahi kupanda naye nguzo ni mwanamke.

Kabwe Standi
Nimekosea dada, naomba radhi. Ila na mimi nina yangu: hiyo kampasi ya Rukwa ya nini, wakati watoto wa kule wenyewe wanakimbilia Mbeya? Fedha hizo zingenunua mashine ishirini za kukereza pale Iyunga.

Mwana Ufipa
Wanakimbilia Mbeya kwa sababu kwao hakukuwa na chuo! Kutoka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 300, kijana anakaa chumba cha kupanga, mzazi anauza mahindi kabla hayajakauka ili alipe kodi. Mahindi yetu yanalisha mikoa mingine, lakini pampu ikiharibika au trekta likizima tunasubiri fundi kutoka Tunduma. Mnataka kampasi yetu igeuzwe vyuma vya Iyunga? Tuachieni. Tena ifundishe zana za kilimo, na ianze na stashahada.

Tetere
Mwana Ufipa ana hoja. Na wengine msidhani sisikii. Tangu mwaka 2023/24 Bodi ya Mikopo inawakopesha hata wa stashahada, kwa hiyo serikali imeona jambo. Lakini mjiulize kwa nini mzazi bado anataka mwanawe aitwe mhandisi. Kwenye muundo wa mishahara fundi sanifu yuko chini, na anabaki chini hata akiwa na miaka ishirini kazini. Baba yangu alikuwa fundi sanifu. Alimfundisha kazi kila mhandisi aliyekuja kumsimamia, na alistaafu akiwa chini ya wa mwisho wao. Mimi nilisoma shahada ili yasinikute. Lile neno la hesabu, Fundi, nalirudisha.

Fundi Mwanjelwa
Nimelipokea, mdogo wangu. Mzee wako nampa heshima yake.

Binti Ilomba, marahaba. Nina mashine moja ya kukereza, ya zamani lakini imenyooka. Njoo Jumatatu saa moja kamili, uliza kwa fundi wa mota nyuma ya soko la Mwanjelwa. Njoo na ile ovaroli na viatu vilivyofunika vidole. Chuma nitakupa kirefu, ukimalize mwenyewe.

Mwana Ufipa
Na sisi wa Rukwa, mleta mada? Swali lako lilikuwa mipango ya miaka ijayo. Stashahada ya zana za kilimo imo au haimo?