Kiuno kinauma, kliniki inataka nilipie ziara 24 kwa mpigo

Msafiri_Rongai: Habari zenu wakuu. Kiuno kinaniuma wiki ya tatu sasa, hasa nikiinuka kitini. Mguuni hakushuki kitu. Kliniki moja ya kairoprakta (mtaalamu wa kunyoosha mgongo na viungo) Nairobi inataka eksirei ya uti wa mgongo wote, kisha nilipie ziara 24 kabla ya kuanza. Kairoprakta hufanya nini hasa, na nitamjuaje aliyesomea?

FundiViungo: Pole sana ndugu. Anashika kiungo kilichokaza, anakifikisha mwisho wa mwendo wake, halafu anakisukuma kidogo kwa kasi. Ule mlio ni gesi ndani ya ute wa kiungo, wala si mfupa unaorudi mahali pake, kwa hiyo kusipolia hujapunjwa. Kwa kiuno faida ipo, ila ni ya wastani. Mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaikubali tiba hii pale tu inapoambatana na mazoezi. Asiyekupa mazoezi ya kufanya nyumbani amekupa nusu ya tiba. Akidai kutibu pumu au kisukari kwa kunyoosha mgongo, ondoka.

Ziara 24 hazina msingi, maana hajaona bado mwili wako unavyoitikia, na maumivu mengi ya namna hii hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Kubali 4 hadi 6. Siku ya kwanza andikeni unaweza kukaa dakika ngapi na kuinama hadi wapi, kisha mpime tena. Hakuna badiliko? Simamisha. Eksirei nayo haihitajiki kama huna dalili za hatari. Pingili zilizochakaa huonekana hata kwa watu wasioumwa kabisa.

BiShamsa: Dalili zenyewe ni hizi: mkojo kuziba au kukutoka, ganzi sehemu za siri na makalioni, mguu kuishiwa nguvu. Hapo ni hospitali, idara ya dharura, siku hiyohiyo. Homa, kukonda bila sababu, kuwahi kuugua saratani au kuanguka vibaya, muone daktari kwanza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au mwenye mifupa dhaifu aseme mapema.

Na shingo msiichezee jamani. Ni nadra, lakini kuisukuma kwa nguvu kumehusishwa na kuchanika kwa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, na matokeo yake ni kiharusi. Una haki ya kusema shingo yako isiguswe.

Mwanagenzi_DBN: Kairoprakta akisema amesomea Afrika Kusini, muulize kama ni Durban University of Technology au University of Johannesburg. Akisema Uingereza, tafuta jina lake mtandaoni kwenye daftari la General Chiropractic Council, baraza linalowasajili huko. Mtazame pia anavyokupima: atakuhoji, atagonga goti kwa nyundo ndogo, atainua mguu wako ulionyooka ukiwa umelala chali. Akikusukuma kabla ya hayo yote, vaa viatu uende. Kwa Kenya, mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa na Physiotherapy Council of Kenya ni pa kuanzia pazuri tu.

Msafiri_Rongai: Asanteni sana. Na nikitoka pale naumwa zaidi?

FundiViungo: Uchovu wa misuli kwa siku moja au mbili ni kawaida. Tembeatembea, usilale kutwa. Maumivu yakianza kuteremka kupita goti, au mguu ukifa ganzi, usirudi kusukumwa. Nenda kwa daktari.