Picha za magofu ya Kilwa Kisiwani: saa ngapi, lenzi gani?

Wakuu, nina siku moja tu Kilwa. Kibali nachukulia wapi, na Msikiti Mkuu unapigwaje wakati ndani ni giza na nje jua kali?

Jibu 1
Kibali ni Kilwa Masoko, kabla hujapanda boti. Angalia na maji: bamvua (maji makubwa ya mwezi) likipwa, boti hukomea mbali na ufuo, unamalizia kwa miguu, begi kichwani. Droni ina kibali chake, tena mapema. Bila hicho iache nyumbani.

Jibu 2
Lenzi pana ya 16–24 mm, tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tripodi. Piga fremu 3 za sehemu ileile: moja ya kawaida, moja stopu (vipimo vya mwanga) 2 chini, yenye giza zaidi, moja stopu 2 juu, yenye mwanga zaidi, kisha ziunganishe. Ukipiga moja tu, ama kuba zinakuwa nyeusi ama matao yanaungua meupe. Kamera usiielekeze juu, nguzo zitaonekana zinaangukiana. Rudi nyuma, ishike sawa bila kuiinamisha, picha uipunguze kingo baadaye.

Jibu 3
Mmesahau Husuni Kubwa, kasri la kale la sultani, na bwawa lake la pembe nane! Nenda kabla ya saa 3 asubuhi: jua la ubavuni linaonyesha kila kitundu cha jiwe la matumbawe. Saa 6 mchana ukuta ni bapa kama karatasi. Kuta usizipande, chokaa imelegea. Na lenzi yenye chumvi usiifute kavu, itakwaruzika. Puliza kwanza, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo.