Kaseti za mama, picha na pasipoti: tuanze na nini kabla ya kuondoa matanga? (Bukavu)

Binti_wa_Ibanda

Jambo wandugu. Mama mzazi ametutoka akiwa na miaka 88. Aliimba kwaya tangu ujana, alipiga gitaa nyumbani, alisafiri kwa meli na treni hadi Kalemie, Lubumbashi, Kigoma na Dar es Salaam, na alilea watoto tisa. Matanga tunayaondoa baada ya wiki tano.

Katika sanduku lake kuna kaseti 11 (sita za dakika 60, nne za dakika 90, moja ya dakika 120), picha kama 70, daftari la nyimbo za Kiswahili na Mashi, karatasi ya ubatizo na pasipoti mbili. Kaseti mbili zina unga mweupe ndani. Moja utepe umekatika. Nyingine utepe ni mzima lakini sauti inatoka kwa mbali sana, kama mtu anaimba nyuma ya blanketi.

Tunataka wajukuu wasikie sauti yake, na historia ya maisha yake isomwe bila kukosea mwaka wala jina la mji. Tuna redio-kaseti moja na kompyuta ndogo. Umeme mnaujua. Tuanze wapi, na kitu gani tusiguse wenyewe?

---

Fundi_Sauti_Kadutu

Pole sana dada, wewe na ndugu zako wote.

Anzeni na kaseti. Picha ikingoja miezi miwili haitabadilika, lakini utepe wenye ukungu unaendelea kuliwa, na redio ya zamani inaweza kufa kazi ikiwa nusu. Zile mbili zenye unga mweupe zitieni kila moja katika mfuko wake, mbali na nyingine, na msizitie kabisa katika redio kwa sasa. Ukungu ukishika kichwa cha redio, utahamia kwenye kaseti zote nzima.

Kabla ya kubonyeza chochote, tazama mgongo wa kila kaseti, upande ulio mkabala na utepe. Kuna vimeno viwili vya plastiki. Vivunje vyote viwili. Kimeno kikiwepo na kidole kikagusa kitufe cha kurekodi, sauti ya mama inafutwa na hakuna fundi wa kuirudisha.

Halafu redio. Ijaribu kwanza na kaseti isiyo na thamani, dakika 30 kamili, upande wote. Redio inayokula utepe mara nyingi haina ubovu mkubwa: kigurudumu cha mpira kinachobana utepe kimeshika uchafu, kinauvuta upande mmoja na kuuzungushia kwenye mhimili. Safisha kichwa, mhimili na kigurudumu hicho kwa kijiti cha pamba na alkoholi ya asilimia 90 kutoka duka la dawa. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi. Ngoja dakika kumi ikauke. Kama sauti inapanda na kushuka kama mlevi, mkanda wa mpira ndani ya redio umelegea, na huo ni lazima ubadilishwe kwa fundi. Usianze kazi na redio ya namna hiyo.

Kaseti yenye sauti ya mbali: tazama katikati ya mdomo wake. Panatakiwa kuwa na kipande kidogo cha kitambaa kizito juu ya kibati chembamba cha shaba. Kazi yake ni kuukandamiza utepe kwenye kichwa. Gundi huzeeka, kipande kinadondoka, utepe unaelea, na sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza. Dawa ni kuhamisha utepe kwenye ganda la kaseti nyingine. Tafuta ganda la skrubu tano, maana yale yaliyogandishwa hayafunguki bila kupasuka. Fungua yote mawili yakiwa yamelala mezani, piga picha ya njia utepe unamopita, kisha inua magurudumu yote mawili pamoja na utepe wake. Usiguse utepe kwa vidole vyenye jasho.

Iliyokatika inafunguliwa vilevile. Laza ncha mbili zikipandana kidogo, zikate pamoja kwa mshazari ili zilingane, kisha zigandishe kwa upande wa nyuma, ule usiogusa kichwa. Kuna utepe maalumu wa kuungia. Skochi ya kawaida gundi yake inatoka pembeni na kunasa mizunguko ya jirani ya utepe. Mkikosa kingine, itumieni kwa kucheza mara moja tu ya kunakili, basi.

Kunakili sasa. Waya wa milimita 3.5 kutoka tundu la sikioni la redio. Tahadhari: kompyuta ndogo nyingi zina tundu moja tu, na tundu hilo linangoja maikrofoni, kwa hiyo sauti inaingia ikiwa imepasuka na ya upande mmoja. Nunueni kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti ya redio (line-in), si la maikrofoni peke yake. Programu ya bure ya Audacity inatosha. Wekeni 48 kHz na biti 24, na sauti kubwa kuliko zote zisipite desibeli 6 chini ya sifuri. Faili liwe WAV, yaani sauti isiyobanwa.

Hesabu yenu: 360 na 360 na 120 ni dakika 840, yaani saa 14. Kila dakika ya WAV ya namna hiyo inakula karibu MB 17, kwa hiyo jumla ni kama GB 14.5. Flashi ya GB 32 inatosha, lakini nunueni mbili. Kaseti hainakiliwi haraka kuliko inavyocheza, kwa hiyo saa 14 ni saa 14. Ukiongeza kukatika kwa umeme, pangeni wiki mbili. Kaseti ya 120 iwe ya mwisho: utepe wake una unene wa nusu ya ule wa 60 hivi na unavutika kirahisi. Hiyo msiipeleke mbele kwa kasi, wala kurudisha nyuma kwa kasi.

Na mnapotaka kukaza utepe uliolegea, kalamu ya Bic inaingia vizuri katika tundu. Polepole.

---

Mwalimu_wa_Kwaya

Poleni na kilio. Fundi amesema kweli, naongeza mambo mawili na narekebisha moja.

La kurekebisha ni alkoholi kwenye mpira. Kichwa na mhimili ni chuma, havina shida. Kigurudumu cha mpira kikifutwa kwa alkoholi mara kwa mara kinakauka na kupasuka. Kwa mpira tumieni maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, kisha kitambaa kikavu.

La kwanza la kuongeza ni mwendo. Kaseti nyingi za nyumbani zilirekodiwa kwa betri, na betri ilivyochoka redio ilienda polepole. Ukizicheza leo katika redio nzima, sauti inakuwa nyembamba na ya haraka, na inazidi kuelekea mwisho wa upande. Mtu mzima anasikika kama mtoto, na watu wanasema "huyu si mama". Ni yeye. Katika Audacity kuna sehemu ya kubadilisha mwendo, ile inayogeuza kasi na kimo cha sauti kwa pamoja. Tumieni hiyo. Sehemu inayogeuza kimo peke yake inaharibu pumzi ya mwimbaji.

Kama redio ya wakati ule ilikuwa kwenye umeme wa nyumba, kuna mngurumo mdogo chini ya wimbo, na umeme wetu ni wa hezi 50. Chagua sehemu isiyo na wimbo, chora masafa yake katika Audacity ("Plot Spectrum", ukubwa wa 65536), uone mngurumo umesimama kwenye hezi ngapi. Ukiukuta kwenye 53, punguza mwendo kwa asilimia 5.66, kwa sababu 50 kugawanya 53 ni 0.943. Ndiyo maana wakati wa kunakili redio iwe kwenye betri mpya na kompyuta isiwe imechomekwa: mkileta mngurumo wa leo, mtaupima huo badala ya ule wa zamani.

La pili, daftari. Piga picha kila ukurasa, hata mtupu, hata jalada. Daftari la mwanakwaya lina vitu pembeni: nani anaanza, nani anaitikia, beti gani inarukwa. Nyimbo za Mashi andikeni kama alivyoandika yeye, msizirekebishe.

Na kabla hamjakata vipande vya kupiga siku ya matanga, waiteni mama wakubwa, mama wadogo na mashangazi wasikilize yote. Mtu mmoja akae na karatasi aandike dakika na jina: "kaseti ya 4, upande B, 12:40, anayecheka ni fulani". Kaseti itadumu. Masikio yanayozitambua sauti hizo yana umri wa mama. Hili ndilo la haraka kuliko yote, hata kuliko ukungu.

---

Binti_wa_Ibanda

Aksanti sana baba zangu. Vimeno tumevivunja, saba vilikuwa bado vizima.

Upande wa historia tumekwama. Karatasi ya ubatizo inasema Costermansville. Pasipoti moja ina jina lake bila lile la Kikristo. Wajomba wanabishana kama alienda Lubumbashi kabla ya 1960 au baada yake. Tuna tiketi ya treni iliyofutika tarehe, lakini "Elisabethville" inasomeka. Na kuna picha nzuri kuliko zote, amevaa kitenge chenye sura ya Anuarite, yule sista mfia imani wa Kongo, haina mwaka.

---

Karani_wa_Bagira

Pole mwanangu. Karatasi hizo zinasema mengi kuliko mnavyofikiri.

Costermansville ni Bukavu hii hii. Ni jina la wakati wa Wabelgiji ambalo liliachwa katika miaka ya 1950. Andikeni "Costermansville, leo Bukavu", msibadilishe kimyakimya, maana mjukuu atakayekuta karatasi kesho atadhani ni watu wawili. Élisabethville iligeuzwa jina kuwa Lubumbashi mwaka 1966, na mwaka huohuo Albertville ikawa Kalemie. Kwa hiyo tiketi inawaambia kwamba safari ile haielekei kuwa ya baada ya 1966. Haisemi kama ni kabla ya 1960. Wajomba waulizwe vitu vinavyoshikika: alikuwa amezaa mtoto wa ngapi? Alimbeba nani mgongoni? Mtoto ana cheti cha kuzaliwa, safari haina.

Pasipoti ya Zaire lazima iwe kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Jina la Kikristo halipo kwa sababu tangu 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina hayo katika karatasi za serikali. Si kosa la mwandishi, wala mama hakuliacha jina lake. Katika historia andikeni majina yote kwa mpangilio: la ubatizo, la nyumbani, la pasipoti. Mihuri ya mipakani nayo isomeni kwa taa ya pembeni. Muhuri wenye neno "Tanganyika" unaelekea kuwa wa kabla ya muungano wa 1964, "Usumbura" ni wa kabla ya uhuru wa Burundi wa 1962. Karatasi yenye "Sud-Kivu" kama jina la mkoa mzima inaelekea kuwa ya 1988 au baada yake, mwaka Kivu ilipogawanywa kuwa mikoa mitatu.

Anuarite alitangazwa mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na Papa Yohane Paulo wa Pili. Kitenge chenye sura yake kinaiweka picha kwenye mwaka huo au baada yake. Kama kuna nyingine yenye kitenge cha Papa, angalia vizuri: alikuja Zaire mara mbili, Mei 1980 na Agosti 1985, na mara nyingi tarehe imechapwa kwenye upindo.

Jambo moja watu hukosea sana: tarehe iliyo kwenye karatasi ya ubatizo mara nyingi ni ya ubatizo. Tafuteni mstari wa kuzaliwa. Ukiandikwa "vers 1936" maana yake walikadiria. Basi msomaji aseme "yapata mwaka 1936". Ni heshima kwake kutomvalisha siku ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

Picha: zilizogandana kwenye albamu ya gundi zipitishieni uzi wa meno chini, mkikata kama msumeno, bila kuvuta. Iliyoshikana na kioo cha fremu msiibandue. Ipigeni ikiwa ndani ya kioo, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu. Ile ya kitenge, kama ina urefu wa sentimita 9, iskaniwe kwa 1200 dpi. Hapo inatoa pikseli kama 4250, inatosha kuchapwa urefu wa sentimita 36 bila kufifia.

---

Fundi_Sauti_Kadutu

Zile mbili za ukungu, sasa mkiwa mmemaliza nyingine. Zikae siku kumi katika boksi kavu pamoja na vipakiti vya jeli ya silika, vile vinavyokuja na viatu vipya. Mchele hapana, una vumbi. Si juani. Zikikauka, unga unakuwa wa kupangusika: nje barazani, barakoa puani, fungua ganda, futa kingo za mviringo kwa brashi laini, hamishia kwenye ganda safi. Cheza mara moja mkiwa mnarekodi, kisha safisha redio yote upya. Utepe ukilia kama mlango au ukisimama, acheni hapo hapo, hiyo ipelekwe kwa mtu mwenye mashine kubwa.

Nakala ghafi ya WAV isiguswe. Kelele ziondolewe kwenye nakala ya pili, na kidogo tu, kwa sababu ukisafisha sana herufi "s" na "sh" zinaondoka na mama anaanza kusikika kama yuko ndani ya maji. Kwa ndugu walio mbali, tumeni WhatsApp kama dokumenti, si kama picha wala sauti ya kawaida. Picha zikitumwa kawaida zinabanwa.

Siku yenyewe jenereta iwe nyuma ya nyumba, na spika ijaribiwe jana yake kwa wimbo huohuo mtakaoupiga. Wimbo mmoja mzima ni bora kuliko vipande sita. Na wale wazee waliosikiliza mapema wakae mbele, kwa sababu wao ndio watakaoitikia.